Kigimbi cha Filimbi

"Sikandi."

"Utakanda."

"Kaka, nimesema sikandi. Na ukiendelea kulisukuma hilo beseni kwa kisigino, maji yatamwagika na utadeki mwenyewe, kwa mguu mmoja."

Kaka yangu alikuwa amejitandaza kwenye kochi langu, suruali ya michezo kaipandisha hadi gotini, kigimbi cha mguu wa kulia kimeumuka kama unga uliozidi hamira. Maji aliyachemsha mwenyewe nilipokuwa naoga. Nilitoka bafuni nikakuta birika tupu, beseni langu la kufulia linafuka mvuke katikati ya sebule, na yeye ameshika taulo langu zuri, lile la wageni.

"Mama angenikanda," akasema.

"Mama hayupo."

"Ndiyo sababu nimekuja kwako."

Hapo alinigusa. Nikajifanya natafuta kitana.

Hakuna anayemwita kaka yangu jina lake. Wote wanamwita Filimbi, hata sisi wa nyumbani, kwa sababu amechezesha mpira tangu sijaolewa. Siku za kazi ni fundi wa kurekebisha mizani za madukani. Jioni na mwisho wa wiki ni refa, na ukimuuliza yeye ni nani, hatakutajia mizani. Siku hiyo, saa kumi alasiri, alitakiwa kuchezesha mechi ya mwisho kwenye uwanja wetu wa zamani, ule wa nyuma ya kiwanda cha matofali. Maveterani dhidi ya vijana. Jumatatu mashine zinaingia kuchimba; panajengwa ghala. Na jana yake, akiwa peke yake pale uwanjani, akijipasha kwa kukimbia kinyumenyume kama marefa wanavyofanya, alihisi amepigwa jiwe nyuma ya mguu. Akageuka kumtafuta aliyerusha. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na mbuzi.

"Mjomba, bado unamshuku yule mbuzi?" Binti yangu alitokea chumbani, nywele zimesukwa upande mmoja, upande wa pili zimesimama.

"Cheka tu. Mjomba wako anaumwa."

"Haumwi," nikasema. "Amechanika msuli. Mtu aliyechanika msuli anaweka mguu juu, anafunga kitambaa cha baridi, anatulia. Hamwagiwi maji ya moto, hakandwi kama unga, hachezeshi mpira."

"Basi nipe kidonge. Vile vya kuzima uvimbe. Hospitali mnavyo tele."

"Mimi niko maabara, siko duka la dawa. Na hata ningekuwa nacho, leo nisingekupa. Kitakunyamazishia maumivu, utajiona mzima, utakimbia, na kile kidogo kilichobaki kimeshikana, nacho kitaachia."

Alivuta midomo. Nikamwambia asinivimbishie na uso juu ya mguu, uvimbe mmoja unatosha. Binti yangu akacheka peke yake.

"Wewe hunielewi," kaka akasema, sasa kwa sauti ya kirefa, ile anayoitumia kwa manahodha. "Huu uvimbe ni nini? Ni watu wamejaa uwanjani. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha. Ulikuja likizo kutoka chuoni hukutuacha tulale: askari wa mwili, askari wa mwili. Mtu akiumia, askari wanakimbilia. Sawa. Wamekimbilia, wamejaa, uwanja hauchezeki. Kazi ya refa ni nini? Kuwatoa. Nikande, watoke, mchezo uendelee."

Neno hilo tulifundishwa kweli, tena darasani, na mimi mwenyewe nimelirudia kwa wanafunzi wa mafunzo kila wanapoletwa maabara. Chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Linaingia kichwani upesi. Tatizo lake ni kwamba mtu akishawaita askari, anaanza kutafuta adui.

"Kaka, kwenye mguu wako kuna adui gani?"

"Sijui. Wewe ndiye mtu wa hadubini."

"Hakuna. Ngozi haikupasuka, hakuna mdudu aliyeingia. Nyuzi za msuli zimekatika, basi. Sasa askari wanakuja kumkamata nani?"

Akafikiri. "Mbuzi."

"Hao waliojaa hapo," nikasema, nikalisogeza beseni kabla sijalimwaga kwa hasira, "ni watu wa machela."

Nilidhani nimemweza. Nilisahau naongea na nani.

"Watu wa machela," akasema pole pole, kidole juu, "hawaingii uwanjani mpaka refa awaite. Nikiwapungia mkono, wanaingia. Sijawapungia, wanakaa nje ya mstari, hata kama mtu anatapatapa. Ndiyo kanuni. Na nilishaifuata hata kwa aliyenizaa."

"Haya tena," binti yangu akasema, akakaa kwenye mkono wa kochi. Hadithi ile aliijua, lakini ni kama chai, hainywewi mara moja.

Siku za hadithi hiyo kaka alikuwa refa mpya kabisa, kaptula nyeusi ameazima. Mama yetu alikuwa na mikono ya kukanda. Hakusomea popote. Jumapili asubuhi kibaraza chetu kilijaa wachezaji, mmoja kifundo cha mguu, mmoja goti, mmoja hana kitu ila amependa kukaa na wenzake. Mama alipiga magoti mbele ya kila mmoja, akachovya taulo, akakamua, akabonyeza kwa vidole gumba hadi mtu anamwita mama yake mwenyewe. Mpaka leo nikisikia harufu ya taulo lililochovywa maji ya moto najiona nimekaa mlangoni pale, nachambua mchele, nawahesabia kelele. Basi siku hiyo, kwenye mechi ya kaka, winga mmoja alianguka karibu na mstari. Kabla kaka hajafika, mama alikuwa ameshaingia uwanjani na beseni.

"Ndoo," kaka akasema.

"Beseni. La bluu."

"Ilikuwa ndoo, nilikuwepo."

"Na mimi nilikuwepo, mimi ndiye niliyembebea taulo."

"Aa, ndiyo!" Akaniangalia kama amekumbuka kosa langu la jana. "Kwa hiyo na wewe uliingia uwanjani!"

"Niliingia."

"Hukupata kadi kwa sababu ulikuwa mfupi, sikukuona." Akamgeukia mpwa wake. "Bibi yako nikampa nyekundu. Uwanja mzima kimya. Akaniangalia, akaangalia ile kadi, akaipokea! Akaitia kwenye sidiria, akaendelea kukanda. Nikamaliza mechi sina kadi nyekundu. Mabeki wakagundua, wakaanza kuvunja watu miguu."

Alicheka hadi mguu ukamkumbusha, akakunja uso. Na mimi nilicheka. Mama alikaa siku nyingi akimpakulia kaka sahani ya mwisho, ukoko mtupu, na akimwambia, "Kula, mheshimiwa refa, hiyo ndiyo kanuni."

"Bibi alikuwa anawaponya kweli?" binti yangu akauliza.

"Wengine walipona kwa sababu wangepona tu," nikasema. "Wengine walipona kwa kumwogopa. Na wengine aliwazidishia, wakamshukuru."

"Usimseme mama," kaka akasema.

"Simsemi. Nasema alikosea, na nilimpenda. Yote mawili."

Kisha kaka akashika ukingo wa kochi, akasimama kwa mguu wa kushoto.

"Unakwenda wapi?"

"Kukuonyesha. Wewe si mtu wa kuona kwa macho? Ona."

Alichechemea hadi kwenye korido. Korido yangu si ndefu, inatoka sebuleni hadi mlango wa jikoni, ina kabati la viatu upande mmoja. Akajiweka sawa pale mwanzo, mgongo umenyooka, kidevu juu. Nikasema, kaka, acha. Binti akasema, mjomba, acha. Akaondoka kwa mbio. Hatua ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili akasukuma kwa mguu wa kulia, na nilimwona usoni kabla sijamwona mguuni: macho yakajifumba, mkono ukatafuta ukuta, ukapata kabati la viatu. Kabati likaenda naye. Tukamkuta amekaa sakafuni katikati ya viatu vyangu vya kazi, mgongo ukutani, anapumua kwa meno.

Sikumwambia "nilikwambia." Nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza, na aliniona nikilimeza.

Nilileta kitambaa kilicholowa maji ya baridi na mto, nikamwinulia mguu juu ya kabati lililolala. Halafu na mimi nikakaa chini, kwa sababu hakuwa anainuka leo wala kesho bila msaada, na kusimama juu ya mtu mzima aliyekaa chini si heshima. Binti akakaa upande wa pili. Tukawa watatu tumejipanga kwenye korido kama watu wanaosubiri kuitwa kwa daktari.

"Baba alichomelea yale magoli," kaka akasema baada ya muda. Hakutuangalia. "Mimi ndiye niliyeshika bomba."

Nilijua. Baba yetu alikuwa fundi wa kuchomelea, na mabomba yale yalikuwa ya maji, ya zamani, yaliyong'olewa mahali. Alifanyia kazi pale pale uwanjani, na watoto wa mtaa mzima tukakaa mbali tumefunika macho, kwa sababu alikuwa anapiga kelele, "Msitazame moto! Atakayetazama atakuwa kipofu!" Mimi nilitazama kupitia vidole. Nilitaka kuona chuma kinavyoshikana. Goli la kwanza lilitoka zuri. La pili bomba likapungua, akapunguza upana kwa kiganja hivi, akasema hakuna atakayejua. Makipa walijua wiki ile ile. Kura ya sarafu ya kuchagua upande ikawa na maana kuliko kocha.

"Jumatatu watayakata," kaka akasema. "Nilitaka nipulize ya mwisho mimi. Basi. Sikutaka kingine. Nipulize, nitoke, wakate."

Sasa nilielewa kwa nini alikuja kuchemshia maji kwangu badala ya kwenda kwa mtu mwingine.

"Mpigie Mzee Kadi," binti yangu akasema. "Si anaishi karibu na uwanja?"

"Afadhali achezeshe mbuzi."

Kadi ni refa mwenzake. Walianza pamoja, wakakosana zamani, na sababu ilikuwa goli lile lile: Kadi alikwenda na futi ya kupimia, akapima mbele ya watu, akatangaza kwamba limepungua na likatwe lichomelewe upya. Baba alikuwa amesimama pale pale. Tangu siku ile kaka na Kadi wanasalimiana kwa kidevu.

Binti akaona amekosea, akabadili mada kwa namna ya vijana, yaani akatoa simu. "Mama, mwonyeshe ile ya samaki."

Ile ya samaki ni video ninayowaonyesha wanafunzi wa mafunzo. Sikuwa nayo nilipokuwa chuoni. Sisi tulikuwa na vioo vya kuweka chini ya hadubini. Mwalimu wetu wa tishu tulimwita Bibi Kioo, kwa sababu ukivunja kioo kimoja alikuita kwa majina yako yote hadi la babu. Alitupangia trei: vipande vyembamba vya msuli ulioumia, vimetiwa rangi ya zambarau na ya waridi, kimoja cha saa chache baada ya kuumia, kingine cha siku ya pili, kingine cha wiki. Kila kioo kilitoka kwa panya mwingine. Kwa hiyo hatukuiona hata moja ya chembe zile ikitembea. Tuliona zilipofika tu, zimekufa, zimepakwa rangi, na tukaambiwa tujaze katikati kwa akili. Mwenzangu wa chumbani, tukimwita Mrefu, aliangusha trei, akaokota, akapanga kinyume. Akaandika kwenye mtihani wake wa vitendo kwamba chembe nyeupe hujaa kwenye msuli, halafu, siku chache baadaye, hurudi haraka kwenye mshipa wa damu kabla ya kufanya kazi yoyote. Bibi Kioo alisoma darasani kwa sauti. "Hawa," akasema, "wamefika msibani, wamekuta chakula hakijaiva, wameondoka." Mrefu alibaki na jina jingine hadi tunamaliza, Chakula Hakijaiva. Darasa lile lilikuwa na madirisha makubwa na meza zilizochomwa na asidi, na sisi tulikuwa wembamba, na nilidhani nitasahau. Sikusahau hata harufu.

Nikamwelezea kaka huku video inajipakia. "Hiki ni kisamaki kidogo sana, bado kichanga, mwili wake unapitisha mwanga. Wamekiumiza msuli kwa makusudi, hapa. Hizi zinazong'aa ni chembe nyeupe. Imeharakishwa, kwa hiyo usishangae mbio."

Akaishika simu kwa mikono miwili. Mwanzo aliangalia kwa adabu tu. Kisha nikaona shingo yake inasogea.

"Huyu anakwenda wapi?"

"Yumo ndani ya mshipa. Damu inampeleka."

"Hapana, huyu. Anajiburuza ukutani."

"Ndiyo. Ukuta wa mshipa karibu na jeraha unabadilika, unakuwa kama una gundi. Anabingirika, anapunguza mwendo, anashika. Tazama sasa."

"Amesimama. Anatafuta nafasi." Sauti ya kaka ikaanza kupanda. "Anatafuta nafasi... anapenya! Kati ya mabeki wawili! Umeona alivyojibana? Mwili wote umekuwa mwembamba!"

"Ndivyo anavyotoka kwenye mshipa. Anajipenyeza."

"Safi! Ametoka pembeni, anakatiza ndani... huyu mwingine anakimbia ovyo, huyu hajui anakokwenda. Aa, amejua! Amegeuka! Wanakuja, wanakuja, kutoka kushoto, kutoka kulia, kwenye eneo la hatari wamejaa!" Binti yangu alikuwa amemlalia begani anacheka. "Na huyu, huyu mzito, amechelewa. Huyu ni veterani. Hakimbii, anatembea."

"Huyo ni wa aina nyingine. Wa kwanza ni wepesi, wanafika upesi, wanamwaga makali yao, wanavunjavunja. Ndiyo maana leo unaumia hivyo. Wazito wanakuja nyuma yao, wanameza takataka, nyuzi zilizokufa, kila kitu."

"Na wale wa kwanza?"

"Wachache wanarudi walikotoka. Wengi wanafia pale pale. Wazito wanawameza na wao. Na wakishawameza ndipo wanapobadilika. Wanaacha kubomoa, wanaanza kuuamsha msuli ujijenge."

Kaka aliirudisha video mwanzo, akaiangalia tena bila kutangaza. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Basi mimi ni wale wa kwanza. Kazi imeisha. Nisubiri Kadi aje animeze."

"Wewe ni kigimbi kilichochanika. Usinitungie mashairi kwenye korido yangu."

Akatabasamu kidogo. Akairudisha mara ya tatu, sasa akitafuta kitu.

"Nani anawapungia mkono?"

"Nani?"

"Ndicho ninachokuuliza. Wanaingia. Nani amewaita?"

"Jeraha lenyewe. Nyuzi zikikatika, vilivyokuwa ndani vinamwagika nje. Kwao inakuwa kama harufu. Wanafuata inakozidi, ikipungua wanageuka. Yule uliyesema anakimbia ovyo alikuwa ameipoteza, halafu akaipata."

"Kwa hiyo hakuna refa."

"Hakuna."

"Hakuna anayepuliza kuanza wala kumaliza."

"Harufu ikiisha, hawaji tena. Inaisha hivyo."

Akaiweka simu sakafuni. Jikoni friji lilinguruma, likanyamaza. Nje mtu alikuwa anapiga zulia ukutani. Nilidhani sasa atakubali. Badala yake akasema, "Nikipata kidonge kwingine, hata wewe usiponipa, naweza kukimbia kipindi cha kwanza."

"Unaweza."

"Unasema kweli au unanitega?"

"Nasema kweli. Nimekuona hatua ya kwanza, ilikuwa nzuri. Labda kipindi cha kwanza. Labda dakika tano. Halafu kitaachia chote, na utalala chini mbele ya watu wote wanaokujua. Wewe ni mtu mzima, mguu ni wako. Mimi nimemaliza."

Na nilikuwa nimemaliza kweli. Nilianza kuokota viatu, niviweke jozi kwa jozi. Sijui kubembeleza, nimejaribu na watoto wangu sikuweza.

"Leo hakuna refa wa akiba," kaka akasema.

Hakuwa ananiambia mimi. Nikaendelea na viatu.

"Tumejipanga watatu tu, mimi na washika vibendera wawili, na wale vibendera ni vijana, hawajawahi kushika filimbi. Mchezaji akilala, anatolewa, anaingia mwingine. Nikilala mimi..." Alitazama mguu wake juu ya kabati, kitambaa kimeanza kukauka. "Nikilala mimi, mechi inavunjika."

"Inavunjikaje?" binti yangu akauliza.

"Inakwisha bila kwisha. Hakuna matokeo. Inaandikwa imevunjika, na siku nyingine inarudiwa." Akacheka kidogo bila furaha. "Irudiwe wapi? Jumatatu hakuna uwanja."

Nikaacha viatu.

"Miaka yote hii," akasema, "mvua, watu kupigana, taa kuzimika, siku ile mbwa amekimbia na mpira. Mama mwenyewe na ndoo yake. Sijawahi kuvunja mechi. Hata moja. Halafu ya mwisho, kwenye magoli ya baba, niivunje mimi kwa kigimbi changu?"

Alipangusa uso kwa lile taulo la wageni lililokuwa bado shingoni, akaninyooshea kiganja. "Simu yangu iko kwenye koti. Nipe."

"Unampigia nani?" nikamuuliza, ingawa nilishajua.

"Nipe simu, wewe mtoto."

Nikamletea. Alitafuta jina kwa kidole kimoja, muda mrefu, akalipita, akarudi. Akabonyeza, akaiweka sikioni, akafumba macho. Tulisikia inaita, na tukasikia sauti ya upande wa pili, nzito, ya mtu aliyeshangaa kuona nani anampigia.

"Kadi," kaka akasema. "Ni mimi. Ndiyo, Filimbi. Sikiliza, usiniulize hali. Nimechanika kigimbi, siwezi kukimbia. Mechi ya leo ichezeshe wewe."

Kadi alisema kitu, kirefu.

"Hapana, sikutanii. Najua. Najua nilichosema, na wewe unajua ulichosema, tutasema siku nyingine. Vibendera watakusubiri langoni. Yule wa kushoto ni mwepesi wa kunyanyua, mwambie asubiri. Maveterani wana mtu wa pumu, namba nne, ukimwona ameinama usimpe kadi ya kuchelewesha, mwache apumue. Na wape maji katikati, jua kali."

Akasikiliza. Uso wake ulibadilika, sikuweza kujua umekuwa wa nini.

"Umeshavaa?" akauliza. "Ulikuwa unakuja kutazama na sare chini ya shati?" Akafungua macho, akaniangalia mimi. "Na wewe Kadi bwana. Haya. Saa kumi kamili uanzishe. Usinisubiri."

Akakata.